Karantini ya manowari: kuzuia ugonjwa nchi kavu, kutenga wagonjwa melini au kuwashusha mabaharia?

Manowari ni mahali pagumu mno pa kuzuia ugonjwa wa kuambukiza. Mabaharia hulala kwenye vitanda vya ngazi tatu, makumi yao chumba kimoja. Hupanga foleni moja mesini, hupishana bega kwa bega kwenye vijia, hushika vishikio vilevile vya ngazi, na hewa wanayovuta husukumwa na mashine zilezile. Kazi nayo haisimami. Meli ya abiria inaweza kuwafungia wasafiri vyumbani mwao, lakini manowari haiendi bila watu mitamboni, kwenye rada na kwenye usukani, usiku na mchana.

Ugonjwa ukitishia, kamanda na daktari wake wana njia tatu. Wanaweza kuuzuia nchi kavu kabla meli haijang'oa nanga. Wanaweza kuwatenga wagonjwa humo humo melini, safari ikaendelea. Au wanaweza kufunga gati na kuwashusha mabaharia. Chanjo huingia katika zote tatu, nami nitaieleza peke yake. Msimamo wangu ni huu: kwa ugonjwa unaopita hewani na kuambukiza kimyakimya, njia ya kwanza inazishinda nyingine kwa mbali, na ikishindwa, ya tatu ichukuliwe bila kusubiri. Njia ya pili inavutia kwa kuwa haikatizi safari, lakini inafaa kwa magonjwa machache kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza ujue ni ugonjwa gani

Orodha ya Marekani ya magonjwa ambayo mtu anaweza kuwekwa karantini kwa amri ya serikali ina kipindupindu, dondakoo, kifua kikuu cha kuambukiza, tauni, ndui, homa ya manjano, homa za virusi za kutoka damu kama Ebola na Marburg, magonjwa makali ya njia ya hewa ya jamii ya SARS, mafua yanayoweza kuzua janga la dunia na, tangu 2021, surua. Yote hayo huitwa kwa jina moja la magonjwa ya karantini, lakini tabia zake hazifanani hata kidogo. Kanuni moja ya meli kwa magonjwa yote ni kanuni mbovu.

Maswali yanayoamua ni mawili. Je, ugonjwa unapita hewani? Na je, mtu huambukiza wenzake kabla hajajijua kuwa anaumwa?

Kipindupindu kinajibu hapana kwa swali la kwanza. Huingia kwa maji na chakula, na dalili hutokea ndani ya saa chache hadi siku 5. Hapa mabaharia wabaki melini bila wasiwasi: wagonjwa wapewe choo chao, matangi ya maji yatiwe klorini, mpira wa kupakilia maji gatini ukaguliwe, wapishi wachunguzwe, dawa ya chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini iwe tele. Homa ya manjano inahitaji mbu na ina chanjo ambayo cheti chake, tangu Julai 2016, kinatambuliwa kwa maisha yote ya mtu, kuanzia siku ya 10 baada ya kudungwa. Baharia asiye na cheti asipande, basi. Tauni ya majipu huletwa na viroboto wa panya, na ndiyo maana meli iliyofungwa gatini huwekewa visahani vya kuzuia panya kwenye kamba zake.

Ebola na Marburg zinatisha kwa vifo vyake, lakini kwa upande wa karantini zina nafuu moja kubwa: mtu aliyeambukizwa hamwambukizi mwenzake kabla ya kuanza kuumwa. Dalili huchukua siku 2 hadi 21. Tanzania iliipata Marburg mkoani Kagera mwaka 2023 na tena 2025, na mara zote mbili ilizimwa kwa kazi ileile ya kuwatafuta waliomgusa mgonjwa na kuwafuatilia hadi siku 21 ziishe. Melini kazi hiyo ni rahisi zaidi kuliko kijijini, kwa sababu hakuna anayeweza kwenda popote. Kinachokosekana ni chumba cha kumuuguzia mgonjwa salama, kwa hiyo yeye mwenyewe aondolewe kwa helikopta mapema, na waliomgusa wafuatiliwe hapo hapo.

Kazi ngumu iko kwa surua, mafua na UVIKO-19. Hizi hupita hewani na huambukiza kabla ya dalili. Mwenye surua, kwa mfano, huanza kuambukiza siku 4 kabla vipele havijatoka. Kwa kundi hili, kuchagua njia ni kuchagua ni mabaharia wangapi watakaougua.

Kuzuia nchi kavu

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu ni wa visiwa vya Samoa, mwaka 1918. Tarehe 7 Novemba meli ya Talune iliyotoka Auckland iliruhusiwa kushusha watu Apia, Samoa ya Magharibi, ikiwa na wagonjwa wa mafua. Utawala wa New Zealand uliokuwapo haukuiweka karantini. Ndani ya wiki chache, karibu mtu mmoja kati ya kila watano alikuwa amekufa. Samoa ya Marekani, visiwa jirani, ilikuwa chini ya jeshi la majini la Marekani, na gavana wake, kamanda John Martin Poyer, alifunga bandari ya Pago Pago kwa karantini kali na pwani ikalindwa. Hakufa hata mtu mmoja kwa mafua hayo. Bahari ilikuwa ileile, watu walikuwa wa asili moja, virusi vilikuwa vilevile.

Kwa meli, kufunga mlango maana yake ni kuwakusanya mabaharia kabla ya safari, kuwatenga siku 14 au zaidi, kuwapima, kisha kuwapeleka moja kwa moja melini bila kupitia nyumbani. Maneno "kuwakusanya" na "kuwapima" yana uzito wake. Mwaka 2020 watafiti wa tiba wa jeshi la majini la Marekani waliwafuatilia kuruta 1,848 wa kikosi cha Marines huko South Carolina. Kuruta hao waliagizwa kwanza wajitenge nyumbani wiki mbili, kisha wakawekwa katika kampasi ya chuo wiki mbili nyingine, wawili kwa chumba, kwa barakoa na usimamizi mkali. Walipofika tu, 16 walikutwa na virusi licha ya kujitenga kwao nyumbani. Wengine 35 waligunduliwa siku ya 7 au ya 14. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenaswa kwa kuulizwa dalili kila siku. Wote walinaswa na vipimo vilivyopangwa.

Mtu anayetaka kutumia njia hii asome matokeo hayo taratibu. Kujitenga nyumbani peke yake hakutoshi. Kuulizana "unajisikiaje?" asubuhi hakutoshi. Na kulala wawili chumbani kunamfanya mmoja amwambukize mwenzake huku saa ya karantini ikiendelea kuhesabu kama kwamba hakuna kilichotokea. Chumba cha mtu mmoja na vipimo zaidi ya kimoja ndivyo vinavyofanya siku 14 ziwe na maana.

Gharama yake si ndogo. Wiki mbili za mabaharia wote ni wiki mbili zilizokatwa kwa familia zao, kabla ya miezi mingine ya baharini. Na mlango ukishafungwa unatakiwa kubaki umefungwa. Mwaka 2020 manowari USS Dwight D. Eisenhower na USS San Jacinto zilikaa baharini zaidi ya siku 200 mfululizo bila kutia nanga bandari yoyote. Miili na akili huchoka kwa maisha hayo, na kamanda anayechagua njia hii asijidanganye kwamba mabaharia wake hawalipi chochote.

Tena mlango una nyufa. Manowari ya Ufaransa ya kubeba ndege, Charles de Gaulle, ilitia nanga Brest katikati ya Machi 2020, na wengi waliilaumu bandari hiyo. Uchunguzi wa jeshi ulionyesha kwamba virusi huenda vilipanda hata kabla ya Brest, kwa njia ya watu na mizigo iliyoletwa kwa ndege, na kituo cha Brest kikaongeza moto. Baada ya Brest masharti yalikazwa kwa wiki mbili. Hakuonekana mgonjwa, masharti yakalegezwa. Meli iliporudi Toulon tarehe 12 Aprili, zaidi ya mabaharia 1,000 kati ya takriban 1,760 walikuwa wameambukizwa. Vijana wenye afya walikuwa wamepokezana virusi bila homa wala kikohozi cha kumshtua mtu. Siku 14 zisizo na mgonjwa anayeonekana si sawa na siku 14 zisizo na maambukizi, na bila vipimo huwezi kuzitofautisha.

Kutenga melini

Wazo lake ni rahisi: chagua chumba, wapeleke wagonjwa humo, wengine waendelee na kazi. Kwa kipindupindu inawezekana. Kwa ugonjwa wa hewani, meli yenyewe hupingana nawe.

Mwaka 1966 kifua kikuu kiligunduliwa katika manowari ya Marekani USS Richard E. Byrd. Kati ya mabaharia 308, vipimo vya ngozi vilionyesha kuwa 139 walikuwa wameambukizwa, na 7 waliugua. Waliolala chumba kimoja na mgonjwa wa kwanza walipata pigo kubwa zaidi, lakini chumba kingine nacho kilipigwa, kwa sababu hewa ya chumba cha mgonjwa ilirudishwa huko na mfumo wa kusukuma hewa. Kwa hiyo ukitaka kutenga mtu melini, ramani ya hewa itazamwe kabla ya ramani ya vitanda. Chumba chenye kufuli kinachotoa hewa kwenda kwa wenzake si chumba cha karantini.

Ushahidi wa pili ni USS Theodore Roosevelt. Meli hiyo ilizuru Da Nang, Vietnam, mwanzoni mwa Machi 2020, na wagonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 wakatangazwa tarehe 24 mwezi huo. Palijaribiwa kutengwa sehemu za meli. Vyumba vya kutengea vikajaa haraka kwa wagonjwa na waliowakaribia, na watu wakasongamana upya humo humo mlimokusudiwa kuwatenganisha. Hatimaye mabaharia 1,271 kati ya 4,779 walithibitishwa kuambukizwa, 23 walilazwa hospitalini na mmoja alifariki. Zaidi ya robo tatu ya waliokutwa na virusi hawakuwa na dalili siku walipopimwa. Utawatengaje watu wasiojulikana?

Sisemi kwamba hatua ndogo za melini hazina faida. Katika mabaharia 382 wa meli hiyo waliojitolea kuchunguzwa, waliosema walivaa barakoa walikuwa wameambukizwa kwa asilimia 55.8, na wasiovaa asilimia 80.8. Waliokwepa maeneo ya pamoja walikuwa asilimia 53.8, wasiokwepa 67.5. Tofauti hizo ni kubwa na zinastahili kuheshimiwa: barakoa ivaliwe na mesi igawanywe kwa zamu. Lakini tazama pia upande wa pili wa namba hizo. Hata kwa waliovaa barakoa, zaidi ya nusu waliambukizwa.

Mahali ambapo kubaki melini kulifaa ni USS Fort McHenry, mwanzoni mwa 2019, katika maji ya Ghuba ya Uajemi. Ugonjwa ulikuwa matubwitubwi, ambao haumo katika orodha ya karantini lakini huenea kwa karibu namna ileile. Meli ilikatazwa kuingia bandarini kwa miezi kadhaa, wagonjwa wakatengwa, na watu wote wakapewa chanjo ya nyongeza. Hadi Machi mwaka huo walikuwa wameugua 25 kati ya 703. Kilichoiwezesha ni kwamba karibu kila mtu alikuwa na kinga tangu utotoni. Kutenga kulifunga pengo dogo tu, kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa na chanjo.

Kuwashusha mabaharia

Tarehe 30 Machi 2020 kamanda wa Theodore Roosevelt, Brett Crozier, aliandika barua kuwaomba wakubwa wake wamruhusu kuwatoa mabaharia zaidi ya 4,000 na kubakiza kikosi kidogo cha kuangalia mitambo. Aliandika kwamba hawako vitani na hakuna haja ya mabaharia kufa. Aliondolewa madarakani tarehe 2 Aprili. Mabaharia zaidi ya 4,000 walishushwa kama alivyoomba.

Namheshimu kwa barua ile, na naamini alikuwa sahihi kuhusu njia. Kinachonisikitisha ni siku zilizopotea. Meli ilikuwa imefunga gati Guam tangu tarehe 27 Machi, na kisiwa hakikuwa na mahali palipoandaliwa kwa maelfu ya watu. Waliotangulia kushuka walilazwa kwenye vitanda vya kukunja ndani ya kumbi za michezo za kambi, msongamano ukahamia nchi kavu. Vyumba vya hoteli vya mtu mmoja mmoja vilikuja baadaye. Manowari hiyo ilikaa bandarini karibu miezi miwili.

Iweke kando ya USS Kidd, manowari ndogo zaidi yenye mabaharia 300 na kitu. Mwezi uliofuata, Aprili, ikiwa kwenye doria ya kuzuia dawa za kulevya, baharia mmoja alianza kukosa pumzi. Aliondolewa kwa ndege hadi Texas, akapimwa, majibu yakatoka. Madaktari wakapelekwa melini na vipimo vya haraka, meli ikageuza, na tarehe 28 Aprili ilikuwa imefunga gati San Diego ikiwa na zaidi ya 60 walioambukizwa. Mabaharia wakashushwa na kutengwa, kikosi kidogo kikabaki kusafisha na kulinda mitambo. Hakuna aliyengoja barua. Ukilinganisha meli hizi mbili, usitazame asilimia ya wagonjwa peke yake, kwa kuwa ukubwa wa meli haulingani. Tazama muda uliopita kati ya jibu la kwanza na uamuzi.

Njia hii ina hatari moja ambayo maandiko ya kijeshi huipita upesi: watu wa bandarini. Agosti 1918 meli ya kivita ya Uingereza HMS Mantua iliingia Freetown, Sierra Leone, ikiwa na mamia ya wagonjwa wa mafua. Vibarua wa kupakia makaa ya mawe waliupata, wakaupeleka majumbani na kwenye meli nyingine. HMS Africa iliyokuwa bandarini ilipoteza mabaharia zaidi ya 50, na mji wenyewe ukazika wengi. Mwaka huohuo mafua yaliingia Mombasa kwa meli kutoka India. Kushusha mabaharia bila kutenganisha njia yao na ya wachukuzi, madereva na wahudumu wa hoteli ni kuwahamishia msiba watu wasio na daktari wa meli.

Chanjo

Wapo wanaoiona kama njia ya nne inayofuta nyingine zote. Kwa surua na homa ya manjano wako karibu na ukweli. Kwa mafua na UVIKO-19, la.

Februari 2014, meli ya kutegua mabomu USS Ardent ilikuwa imefunga gati San Diego. Asilimia 99 ya mabaharia wake walikuwa wamechanjwa mafua. Hata hivyo 25 kati ya 102 walikwenda kutibiwa, na 20 wakathibitishwa kuwa na mafua. Waliougua walipewa dawa na kupelekwa nyumbani, mlipuko ukaisha. Julai 2021, HMS Queen Elizabeth ilipata wagonjwa wa UVIKO-19 wapatao 100 ingawa wote walikuwa wamepata dozi mbili, na Desemba mwaka huo USS Milwaukee ilikwama Guantánamo kwa mlipuko katika kikosi kilichochanjwa chote. Linganisha lakini mwisho wake: Queen Elizabeth iliendelea na safari, na Milwaukee ilirudi baharini mwanzoni mwa Januari. Chanjo haikuzuia virusi kupanda. Ilizuia meli isigeuke wodi. Kwa hiyo ni sharti la njia zote tatu, si mbadala wa yoyote.

Ukichagua

Kwa nyambizi uamuzi ni mfupi, kwani ikishazama haina pa kumshusha mtu: karantini ya kabla ya safari, kwa vyumba vya mtu mmoja na vipimo, bila kupunguza siku. Manowari kubwa inayokwenda miezi mingi nayo ianzie hapo, kisha iwe na mpango ulioandikwa wa kushusha watu katika kila bandari iliyo njiani, na kila mzigo na mtu anayeletwa kwa ndege ahesabiwe kama mlango uliofunguliwa.

Kwa meli za doria za pwani yetu, za vituo vya jeshi la majini vya Mtongwe (Kenya) au Kigamboni (Tanzania), nadhani hesabu inageuka. Meli ndogo haina chumba cha kutengea hata kimoja kinachostahili jina hilo, lakini nyingi hufanya doria karibu na nyumbani. Kumfunga mgonjwa kabatini ili doria imalizike hakuna faida wakati gati liko umbali wa saa kadhaa. Irudi. Kabla ya hapo pawepo makubaliano na idara ya afya ya bandari: jengo lipi, vyumba vingapi, gari lipi, nani analeta chakula bila kuingia. Zamani kazi hiyo ilifanywa na Kisiwa cha Changuu, Unguja, kilichojengewa gereza miaka ya 1890 na kikatumika kuwa kituo cha karantini ya homa ya manjano.

Bandari zetu hupokea pia manowari za kigeni, na hizo zina kinga ya dola zao: afisa wa afya hapandi bila ruhusa ya kamanda. Anategemea tamko la afya analopewa. Ningeomba mazungumzo yafanyike meli ikiwa bado siku mbili tatu mbali, na maswali yasiishie kwenye "mna mgonjwa?" Waulizwe walipitia bandari zipi katika wiki tatu zilizopita, nani aliletwa kwa ndege tangu hapo, na mara ya mwisho walipima watu wangapi ambao hawakuwa na dalili yoyote.